Jibu kwa mama wa Tandahimba: gunia la korosho na swali la ukomavu

Swali, nimelifupisha lakini maneno ni yake:

"Shikamoo mwalimu. Nimeokoka tangu 2006, ni mwanakwaya na mweka hazina wa akina mama kanisani. Mwezi wa nane jirani yangu, Mwislamu, tunakaa ukuta kwa ukuta, alinigongea usiku mtoto wake amezidiwa. Akaniomba 100,000. Akasema mwenyewe kwamba msimu ukifika atanipa gunia la korosho, kilo 80. Niliomba, nikapata amani, nikampa. Mtoto alipona. Sasa gunia amelileta, na mnadani kilo imevuka 3,000. Nimeliweka nyuma ya mlango wa sebuleni na kila nikipita moyo unanidunda. Mzee wa kanisa anasema nilimsaidia, nisijitese, tena yule si ndugu katika imani. Dada mmoja wa maombi anasema ameonyeshwa kwamba hiyo ni baraka yangu. Jumapili mhubiri akasoma Waebrania 5, habari za watoto wa maziwa, nikajiona ni mimi. Miaka yote hii, kwa nini bado siwezi kujua jema na baya bila kuuliza watu?"

Marahaba, mama yangu. Nimekaa na barua yako siku nne. Gunia lako nitalifikia, lakini naanza na Waebrania, maana naona mstari ule ulikupiga mahali usipolengwa.

Waebrania 5:14 inasema: "Lakini chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Hapo tunaposoma "akili", Kiyunani kinataja viungo vya kuhisi, kama jicho, sikio na ulimi. Na hilo neno "zimezoezwa" ndilo walilokuwa wakilitumia kwa wanamichezo wanaojinoa uwanjani siku baada ya siku. Kwa hiyo mtu mzima anayetajwa pale hajapewa orodha ndefu kuliko yako ya mema na mabaya. Hisi zake zimefanyishwa kazi mara nyingi mpaka zinagundua. Halafu rudi nyuma kidogo, mstari wa 11, uone wale watu walikemewa kwa kosa gani: wamekuwa "wavivu wa kusikia". Mama, mtu anayedundwa na moyo kila akipita mlangoni kwake hajawa mvivu wa kusikia. Unasikia vizuri sana. Kinachokusumbua ni kwamba hujajua bado unachokisikia ni nini.

Mimi mstari huu nilifundishwa kabla sijajua kusoma. Mjomba wangu alikuwa na mikorosho yake Kitangari, na msimu ukiingia sisi watoto tulikuwa tunaokota, tunatenganisha korosho na mabibo, tunaanika uani. Jioni mjomba anakuja, anachota konzi moja, anaitikisa karibu na sikio. Kisha anachukua korosho moja, anaiminya ganda kwa ukucha wa dole gumba. "Hizi bado," anasema, au, "Kesho zitiwe guniani." Na mimi nilichota konzi yangu nikaitikisa, nikasikia korosho zinagongana, basi. Akanipa mbili, moja ya juzi na moja ya leo, akaniambia niminye. Ya leo ukucha uliacha alama. Ya juzi ukucha uliteleza. Hilo nililishika siku ileile, lakini la sikio lilinichukua misimu mitatu. Hakuna aliyenieleza mlio wa korosho iliyokauka ukoje, kwa sababu hauelezeki. Nilitikisa, nikakosea, gunia likarudishwa kwa unyevu, mjomba akanuna, nikatikisa tena. Na hata leo siwezi kukutajia siku niliyoanza kusikia tofauti.

Siku hizi ghalani wana kipimo cha unyevu na wanakata korosho za sampuli kuona kokwa zilivyo ndani. Ni jambo jema, maana sikio la mtu hupendelea korosho zake mwenyewe. Hisi zetu za rohoni nazo zinahitaji kipimo cha nje, yaani Neno na kusanyiko. Ila kipimo hicho hakikufanyi usihitaji sikio. Mkulima anayesubiri aambiwe ghalani kwamba korosho zake ni mbichi, amechelewa.

Nadhani sisi watu wa kusini tuna ugumu wetu wa pekee hapa. Kwetu mtu hakui kwa kuhesabu miaka, hukua kwa kuchezwa, yaani kupitishwa jando au unyago. Anaingia ndani mtoto, anakaa na kungwi wake, anafundwa, na siku ya kutoa wali, ndio hao waliofundwa, ngoma zinalia, anavikwa nguo mpya, na akirudi nyumbani hata mama yake anambadilishia usemi. Jana mtoto, leo mtu mzima. Wokovu tumeuchukulia vivyo hivyo. Unahesabu tangu 2006 kama mwali aliyetoka mwaka huo, ndiyo maana unaona aibu kuuliza. Lakini Sulemani alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha enzi aliposema, "nami ni mtoto mdogo tu, sijui jinsi inipasavyo kutoka wala kuingia." Akaomba "moyo wa adili" ili apate "kupambanua mema na mabaya" (1 Wafalme 3). Kwa Kiebrania ni moyo unaosikiliza. Alipewa. Na sura ya 11 inaonyesha jinsi moyo uleule ulivyogeuzwa uzeeni. Katika jambo la kupambanua hakuna siku ya kutoa wali, ambayo baada yake huwezi tena kurudi utotoni.

Na kwa kuwa nimeitaja jando, kumbuka kwamba Kanisa hapa kwetu liliwahi kukaa kwenye mtihani mgumu kuliko wako. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, waliingia Masasi mwaka 1876, Askofu Steere alipowaacha pale watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Miaka kadhaa baadaye likazuka swali: mtoto wa Mkristo aende jando au asiende? Jibu jepesi lilikuwa kukataza. Jingine jepesi lilikuwa kufumba macho. William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alichukua njia ndefu pamoja na mapadre Waafrika: hili tendo lina maana gani kwa wenyewe, linamjenga mtoto au linamharibu, lipi libaki, lipi liondoke, sala iingie wapi. Wapo walioona amekwenda mbali mno, na wapo walioona hakufika. Mimi napenda tu kwamba walikubali kuuliza tendo moja moja. Watu wazima katika imani ndivyo walivyofanya, na waliulizana.

Sasa ile amani. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona watu wengi wakiumia hapa. Tumefundishana kwamba ukiomba ukapata amani, basi Mungu amekubali. Lakini Yona alikuwa anamkimbia Mungu, bahari imechafuka, na alikuwa amelala usingizi mzito chini ya merikebu. Daudi, baada ya kumchukua mke wa Uria na kumuua Uria, aliendelea na ufalme wake mpaka Nathani alipokuja na hadithi ya mwanakondoo mmoja wa maskini, na hata hapo Daudi alimkasirikia mtu wa kwenye hadithi bila kujitambua. Wote wawili walikuwa na amani. Halafu mwangalie Bwana Yesu Gethsemane, jasho kama matone ya damu, na hakuna aliyewahi kusimama ndani ya mapenzi ya Baba kuliko yeye usiku ule. Amani ni zawadi, sitaki uidharau. Lakini mtoto wa jirani amezidiwa, mama yake amesimama mlangoni, wewe pesa unazo: amani uliyoipata inaweza kabisa kuwa ilitoka kwa Mungu, na ilihusu kutoa. Haikuhusu gunia. Uliombea vitu viwili kwa sala moja, ukapokea jibu la kimoja, ukaliweka juu ya vyote.

Yuko mtu aliyeligundua hili akiwa kitandani. Inyasi wa Loyola alikuwa askari wa Hispania, mwaka 1521 mzinga ukamvunja mguu vitani Pamplona, akalala miezi akiuguza. Alipowaza sifa za vita na mapenzi ya mabibi wa kifalme alifurahi. Alipowaza kuishi kama watakatifu alifurahi pia. Tofauti aliiona baadaye: furaha ya kwanza ilimwacha mkavu, ya pili ilikaa. Baadaye akafundisha kwamba wazo litazamwe mwanzo wake, katikati na mwisho, na kama mwisho unakuchafua na kukunyang'anya utulivu, urudi nyuma utafute ni wapi lilipopinda. Fanya hivyo. Mwezi wa nane ulikuwa mtamu. Mwezi huu ni mchungu. Nyuzi mbili zilisokotwa pamoja usiku ule, na moja tu ndiyo iliyooza.

Kwa msomaji asiye wa huku: korosho za Mtwara na Lindi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye zao hili mwaka 2007. Mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zinapimwa kwa jina lake, zinakwenda ghalani, zinanadiwa, analipwa. Nje ya mfumo huo kuna kangomba, yaani kumnunulia mkulima pembeni kwa bei ya kutupa, mara nyingi kabla ya msimu, wakati ndani hamna kitu na ada au ugonjwa umebisha hodi. Sheria inakataza. Msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo, kabla ya kulipwa watu walihakikiwa, na swali la wahakiki lilikuwa hili: shamba lako liko wapi?

Uliulize gunia lako swali hilo. Umetoa 100,000 kwa kilo 80, yaani 1,250 kwa kilo. Kwa 3,000 tu, kabla ya makato, gunia hilo ni 240,000. Zile 140,000 za juu zimetoka shamba gani? Hukupalilia, hukupuliza salfa, hukuokota. Zimetoka kwenye homa ya mtoto. Najua hukupanga hivyo, na najua ni yeye aliyezitaja. Lakini mtu aliyeshikwa na shida hataji bei, hutaja chochote kitakachofungua mlango.

Biblia ina sura nzima juu ya jambo hili, na sijawahi kuisikia ikihubiriwa msimu wa korosho. Nehemia 5. Wakati ukuta wa Yerusalemu unajengwa, watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate ngano, kwa sababu ya njaa. Waliowakopesha ni jirani zao, wanaojenga ukuta uleule. Nehemia anakasirika sana. Halafu, na hapa ndipo naona mtu mzima kazini, anasema, "nikafanya shauri na nafsi yangu." Hakutenda kwa hasira na hakuimeza. Aliipeleka barazani ndani yake kwanza. Kisha akaitisha watu, na katikati ya kuwakemea wakuu akasema kwamba hata yeye na ndugu zake na watumishi wake walikuwa wanakopesha fedha na ngano. "Nawasihi, na tuache riba hii." Akajitia kwenye kundi. Na mashamba yakarudishwa bila kusubiri ukuta uishe.

Mzee wako wa kanisa hajakosea aliposema ulimsaidia. Mtoto yu hai. Alikosea alipokata maneno hapo, na zaidi aliposema yule si ndugu. Naelewa anakolitoa: Kumbukumbu la Torati 23 inaruhusu kumtoza riba mgeni. Lakini mwanasheria mmoja alimwuliza Yesu, "Na jirani yangu ni nani?", akajibiwa kwa habari ya Msamaria, mtu wa dini nyingine, aliyemlipia majeruhi dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Hakudai gunia. Na wewe, mama, mnakaa ukuta kwa ukuta. Dini yake nayo inaharamisha riba, na nina hakika analifahamu hilo kila anapokupitia kwenda kisimani. Anakuita nani, Mkristo aliyemwokolea mtoto, au yule mwanamke mwenye gunia lake? Huenda yote mawili.

Kuhusu dada wa maombi sitasema mengi. Paulo aliagiza manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue" (1 Wakorintho 14:29). Wengine hao ni wewe. Ono linalompa mtu faida ya 140,000 kutoka kwa mama mwenye mtoto mgonjwa lipimwe mara mbili.

Nikuambie na kosa langu, ili usidhani nakuhukumu nikiwa juu ya mti. Nilipokuwa kijana, mwinjilisti mpya, mtu aliniuliza kama kuweka rehani mikorosho ni dhambi. Nikajibu papo hapo: Biblia haikatazi. Nilijisikia mjuzi. Baada ya miezi nikajua kwamba hakuwa mwenye kuweka, alikuwa mwenye kupokea, na mikorosho ilikuwa ya dada yake mjane. Alipomwendea alimwambia, "Nimemwuliza mwinjilisti." Sikumwuliza swali hata moja, ni mikorosho ya nani, kwa misimu mingapi, huyo mwenye mikorosho atakula nini. Tangu hapo sipokei swali la "ni dhambi au si dhambi" kabla sijajua mtu wa pili ni nani. Karibu kila mara yuko mtu wa pili, na hayupo kwenye mazungumzo.

Unaniuliza sikio linazoezwaje. Paulo anawaombea Wafilipi pendo lao lizidi kuwa jingi sana "katika hekima na ufahamu wote", wapate kuyakubali yaliyo mema. Angalia alivyopanga: pendo kwanza, na ndani ya pendo ufahamu. Kwa hiyo usianze na mambo makubwa. Wewe ni mweka hazina, una daftari. Kila jioni, kabla hujalala, fungua siku yako kama unavyofungua daftari hilo: leo nani aliondoka mbele yangu akiwa amepungukiwa, nani alijazwa, wapi nilinyamaza kwa hofu, wapi nilisema kwa kiburi. Dakika kumi zinatosha. Usijitafutie dhambi kwa tochi. Ukikuta mahali panapouma, minya kidogo, uone kama ukucha unaacha alama. Na mara moja kwa wiki mwambie mtu mmoja anayekupenda na asiyekuogopa. Kuuliza watu siyo utoto. Utoto ni kuuliza ili ubebewe.

Uwe mwangalifu na upande wa pili pia. Siyo kila moyo unaodunda ni sauti ya Mungu. Wengine hudundwa kwa kunywa soda ya jirani, na wanaishi maisha yote kwenye woga. Yohana aliwaandikia watu wa namna hiyo kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Hofu ya bure haina jina wala uso, inakuambia tu wewe ni mbaya. Yako ina kilo 80 na jina la mtu. Ndiyo maana naiamini.

Wabenediktini, watawa Wakatoliki waliofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, wana kanuni ya karne ya 6 inayomwambia abati, mkuu wa watawa, kwamba busara ya kupambanua ni mama wa fadhila zote. Na mfano inaoutoa ni wa Yakobo, aliyekataa kukimbiza mifugo yake kwa sababu ikiswagwa sana siku moja itakufa yote. Nimeupenda kwa ajili yako. Usijiswage. Hukuwa mwizi mwezi wa nane, na hujachelewa mwezi huu.

Kuhusu gunia, nakwambia ningefanya nini mimi, kisha wewe ufanye shauri na nafsi yako. Nisingelipeleka AMCOS kwa jina langu, wala nisingeligawa nusu kwa nusu. Ningemwendea jioni akiwa peke yake, bila mzee wa kanisa na bila dada wa maombi, kwa sababu aibu yake ni yake na haihitaji mashahidi. Usimhubirie. Mwulize kwanza mtoto anaendeleaje. Kisha mwambie ulikosea kupokea, korosho ni zake, azipeleke chamani kwa jina lake, na akishalipwa akurudishie ile 100,000 yako, hata kwa mafungu. Akikataa kwa kuona haya, mwambie unahitaji msaada wake ili ulale. Mpe kijana wako abebe lile gunia kichwani au kwa baiskeli, lifike kwake kabla chama hakijafunga mapokezi ya mnada ujao.